Chura wa Saba Aitika kwa Karibu

Walionisimamisha njiani wiki nzima kuniuliza kama Sikio ameanza kuchanganyikiwa, jibu ni hapana. Akili zake zilikuwa timamu na macho yake yalikuwa yanaona vizuri. Chura namba saba alikuwa amelala mezani, tumbo wazi, betri yake pembeni. Na chura namba saba huyo huyo alikuwa anaongea kutoka chini ya ziwa.

Skrini ya kompyuta iliandika: Namba saba. Hewa inakwisha.

Sikio akamwinua wa mezani, akamtikisa kidogo kama unavyomwamsha mgonjwa. Kimya. Hana betri, ataongea na nini? Akatazama skrini. Namba saba yuko kilindini na anaendelea kulalamika.

Kwa mliojiunga leo, karibuni, hamjachelewa. Hawa si vyura wa kurukaruka. Ni vifaa vya kupimia maji, kila kimoja ukubwa wa chungu kidogo, vimetegwa chini ya ziwa kuzunguka vizimba vya samaki vya Shangazi. Vinapima hewa iliyomo majini, ile anayoivuta samaki. Redio na simu hazifai kule chini, mawimbi yake yanafia njiani, kwa hiyo vinasemezana kwa sauti: tik, tik, krr. Mmoja anamwambia jirani, jirani anamwambia mwenzake aliye karibu zaidi na boya, na boya linaileta habari kwenye kompyuta kibandani, kibanda kilichosimama juu ya nguzo majini, jirani na boya lenyewe. Kwa makelele hayo nyumba nzima ikawaita vyura, na jina likashika.

Sikio ndiye mlezi wao. Ni binti wa marehemu kaka yake Shangazi, Shangazi kamlea tangu hajaota meno ya ukubwani, akamsomesha ufundi, akamkabidhi vyura. Jina la Sikio alipewa kwa sababu kutwa nzima ana hedifoni kichwani, anasikiliza maji.

Samaki wa vizimba vile ndio paa la nyumba ya Shangazi, ndio ada za wadogo, ndio kila alichojenga tangu mumewe atangulie. Hewa ikiisha upande wa kilindi, maji mabaya yanapanda juu, na dawa yake ni moja: ng'oa nanga, kokota vizimba mpaka upande wa maji mafupi, karibu na nchi kavu. Ukichelewa, samaki wanageuza matumbo juu wote kwa mpigo. Huwezi kungoja uwaone wanahema, maana ukiwaona umeshachelewa. Na kipimo cha mkono kilidondoka majini mwezi uliopita, Mapafu anasema bado anakitafuta. Kwa hiyo wa kuaminiwa walikuwa vyura peke yao.

Ndiyo maana asubuhi ile Shangazi alikuwa nje anafunga kamba. Kizimba cha kwanza kilikuwa kimeshang'olewa nanga na kukokotwa nyuma ya boti mpaka usawa wa kibanda, nusu ya safari. Kama namba saba anasema kweli, kila dakika ni samaki. Kama anaongopa, basi kuna mtu anataka vizimba vile vifike maji mafupi, na Shangazi anamfanyia kazi yake bure.

Sikio akamkumbatia chura wa mezani kama mtoto mchanga, akatoka nje.

Wa kwanza kukutana naye alikuwa Mapafu, mtoto wa kuzaa wa Shangazi, amekaa kwenye boti anabembeleza mashine isizimike. Mapafu ni mzamiaji. Yeye ndiye anayeshuka kuwatega vyura na kuwategua, na hakuna mwingine pale anayeweza kufika chini na kurudi anacheka. Kama kuna mkono uliomzamisha chura wa pili, utakuwa wa nani tena? Sikio akasimama juu yake, akamkazia macho.

"Unaniangalia kama umenikuta na kuku wa jirani," Mapafu akasema.

Sikio akamuuliza jana alizamisha nini. Mapafu akajibu kwamba jana hakuzamisha, alitoa. Alimtoa namba saba kwa sababu alikuwa amekata betri kabla ya wakati wake, akamleta kibandani, akaenda kulala, na kama binamu yake anataka ushahidi, masikio bado yanamuuma. Sikio akasema masikio yale huwa yanauma kila kukiwa na kazi. Mapafu akasema afadhali yanayouma kuliko yanayosikia mambo yasiyokuwepo. Ndivyo walivyo hawa wawili, mgeni akiwasikia atawaita wazee waje kusuluhisha.

Kisha Sikio akamwonyesha alichokumbatia. Akamwambia huyu hapa ndiye anayeongea saa hii kutoka kilindini.

Utani ukaisha pale pale. Mapafu akamtazama chura, akatazama maji, akapunguza mashine ya boti bila kuambiwa.

"Kamwambie Mama," akasema. "Mimi nikimwambia atasema nakwepa kukokota."

Kumwambia Shangazi ilikuwa kazi nyingine. Shangazi akishaanza shughuli ya mikono huwa hasikii mtu, na zaidi ya hapo siku ile alikuwa na mgeni.

Mgeni mwenyewe ni Mnunuzi. Mnamkumbuka, yule mwanaume mtaratibu, viatu vyeupe, anayejua kucheka kwa sauti ya chini. Kwa miaka alikuja siku za mauzo tu, anapakia samaki kwenye lori lake la barafu, anakwenda zake. Siku hizi anakuja hata kusipokuwa na mauzo, na Shangazi siku hizi anakwenda kazini na manukato. Sisemi kwa ubaya. Mwanamke aliyefiwa ana haki ya kufurahi, na Mungu hakukataza. Ninachosema ni kwamba Mnunuzi akiwepo, maneno ya watu wengine kwa Shangazi hupungua uzito.

Sikio akaeleza. Shangazi, mikono ikiwa kwenye kamba, akajibu kwamba vyura hawajawahi kuwadanganya tangu wategwe, na kwamba huenda huyo wa mezani ni namba nyingine, aende akasome tena vizuri. Mnunuzi naye akaingia kwa upole. Alisema mitambo huchanganyikiwa, hata simu yake kuna siku ilimwambia yuko nchi nyingine kabisa naye amekaa kitandani kwake. La muhimu ni kuokoa samaki kwanza. Wakifika maji mafupi, lori liko pale pale mwisho wa daraja la mbao, likitokea la kutokea barafu ipo.

Sikio akatazama mwisho wa daraja. Kweli, lori lilikuwepo, maji ya barafu yanadondoka chini kwa raha zake.

Akauliza, kwa adabu zote, barafu imefikaje mapema hivyo wakati habari ya hewa imetoka asubuhi hiyo hiyo na leo si siku ya mauzo.

Mnunuzi akacheka kwa sauti ya chini. Akasema moyo ulimwambia.

Shangazi akamtupia Sikio jicho. Kila aliyelelewa na shangazi analijua jicho lile.

"Mwanangu, samaki hawangoji maswali yako," akasema. "Shika kamba au nipishe."

Sikio akampisha. Lakini hakushika kamba. Akarudi kibandani, akafunga mlango, akavaa hedifoni.

Hapa itabidi niwape siri ya nyumba, maana bila hiyo hamtaelewa chura mgeni aliingiaje.

Vyura walipotegwa mara ya kwanza walikuwa na adabu ya kuulizana. Chura hapokei habari mpaka mwenzake ataje neno la siri. Utaratibu mzuri, lakini una gharama yake: kuulizana ni kuongea, na kuongea ni kula betri. Betri zikawa zinakatika ovyo, na kila inapokatika Mapafu anashuka kwenye maji ya baridi kumtoa chura. Akirudi juu analalamika masikio, mama yake anamkanda, na siku imepotea. Basi siku moja wakiwa wanakula, Shangazi akatoa hukumu. Akasema kwake mtu akipiga hodi anakaribishwa, hajawahi kumuuliza mgeni kitambulisho mlangoni. "Hawa wa nyumba moja wanaulizana majina ya nini?" Wote wakacheka. Sikio akaenda kuzima neno la siri.

Tangu siku ile, anayesema mimi ni namba saba anapokewa kama namba saba. Akisema mimi niko karibu na boya, nipeni habari zenu niwapelekee, wanampa. Vyura wakajifunza tabia ya mwenye nyumba, na sidhani kama kuna nyumba nyingine ambayo ingefanya kosa la aina ile. Ukarimu wote ulipelekwa chini ya maji.

Sikio alilijua hilo. Alichokuwa hajui ni namna ya kumtambua mwongo kwa sauti, maana sauti ilikuwa ile ile ya saba, tik kwa tik.

Akaanza na yule asiyemtilia shaka. Kwenye kipaza cha majini akamwita namba tisa, aliyetegwa mbali kule kilindini. Akaita, akavuta pumzi, akajikuna shingo, ndipo jibu likaja: tik, tik, krr. Sawa. Kwa hedifoni unasikia sauti tu, maneno yenyewe yanapita kwenye boya mpaka skrini. Lakini sauti inakwenda kule, inarudi huku, safari ni safari.

Akamwita namba saba, ambaye naye makazi yake ni kule kule jirani na tisa.

Jibu likamwangukia mdomoni.

Akarudia. Hakupata hata nafasi ya kufikia shingo. Tik, tik, krr, papo hapo, na kwa sauti nene, kama mtu anayekujibu kutoka chumba cha pili.

Sikio akavua hedifoni, akainama, akatazama mbao za sakafu chini ya miguu yake.

Sasa fikirini. Ana jibu, lakini jibu liko masikioni mwake peke yake, na nje mashine ya boti imeshaanza kunguruma. Akaburuta waya wa hedifoni mpaka mlangoni, ukaishia pale. Akatoka, akamshika Shangazi mkono. Kumshika Shangazi mkono akiwa kazini ni jambo ambalo halijawahi kufanyika, na kwa mshangao huo huo Shangazi akajikuta ameshafika mlangoni.

"Shangazi, ukimwita mtoto aliye shamba la mbali, unaita, unangoja, ndipo unasikia abee. Akikuitikia kabla hujafunga mdomo, huyo hayuko shamba. Yuko chini ya kitanda. Vaa hii usikilize."

Shangazi akatazama hedifoni kama kitu kinachoweza kuuma. Akatazama boti. Akasogeza kitambaa cha kichwa, akavaa.

Sikio akaita tisa. Shangazi akangoja, uso umekunjamana, mpaka nyusi zikapanda zenyewe. Alisikia. Sikio akaita saba. Shangazi akashtuka, akageuka nyuma, akadhani kuna mtu kamgusa.

Akaomba aitwe tena. Akaitwa. Akaomba tena.

Mnunuzi alikuwa amesogea mlangoni. Akasema, kwa ule upole wake, kwamba mama wa nyumba anapoteza muda kwa mchezo wa watoto na samaki wanakufa. Na kweli, ni neno ambalo lingemwondoa Shangazi pale mbio siku nyingine yoyote. Lakini Shangazi alikuwa ameshasikia kwa masikio yake, na yeye ni mtu wa kuamini alichokishika.

Akavua hedifoni taratibu, akatoka mpaka ukingoni, akampungia mwanawe mkono asimamishe boti.

"Zama hapa hapa," akamwambia. "Chini ya kibanda."

Mapafu akauliza anatafuta nini. Mama yake akasema akikiona atakijua. Mapafu akavaa mtungi wake wa hewa, akamnong'oneza binamu yake kwamba masikio yakimuuma leo ataugulia kwake, akatumbukia.

Wakabaki watatu juu ya mbao, kila mmoja anatazama mapovu. Shangazi midomo inachezacheza, nadhani alikuwa anaomba. Sikio ananyonga waya. Mnunuzi yeye alikuwa anatazama viatu vyake, na kwa mara ya kwanza viatu vile vilikuwa na tone la tope.

Mapafu akaibuka na kipande cha wavu mkononi. Ndani ya wavu, chura. Ubavuni, kwa rangi nyeupe, namba saba.

Akamweka juu ya mbao. Chura wa uongo, maskini, hajui hata kama ametolewa, bado anaendelea: tik, tik, krr. Mapafu akamgonga kichwani kwa kidole. Sikio akamfungua, akachomoa betri, na kwenye skrini namba saba akanyamaza.

Mnunuzi akasema ajabu ya Mungu, dunia ina watu wabaya. Kisha simu yake ikaita, au alisema inaita, wenzake hawakuisikia. Akaiweka sikioni, akatembea juu ya daraja la mbao huku akisema ndiyo, ndiyo, hapana, na alipofika mwisho akapanda lori. Lori likaondoka, nyuma linaacha mstari wa maji barabarani.

Shangazi hakumwita. Alimsindikiza kwa macho mpaka vumbi likatua, na manukato yake yalikuwa bado yananukia.

Mapafu akafungua mdomo aseme lake kuhusu viatu vyeupe. Sikio akamkanyaga.

Ndipo kompyuta ikaanza kelele.

Mlishawahi kuona watoto wakitolewa darasani kengele ikilia? Ndivyo habari zilivyotoka. Yule mwongo alikuwa amekaa karibu na boya, ana sauti kubwa, kila chura akawa anampa yeye habari azifikishe, naye anazimeza na kutoa za kwake. Alipoondolewa, vyura wakatafuta njia nyingine, wakazitapika zote kwa pamoja. Sita anasema kilindini hewa ipo tele. Nane anasema ipo. Tisa anasema ipo. Na mbili, tatu na nne, wale wa maji mafupi, wanasema huku kwetu hewa inakwisha, msije, msije.

Sikio akasoma kwa sauti. Wakaelewa wote watatu kwa wakati mmoja. Vizimba vilikuwa vinakokotwa kutoka kwenye uzima kwenda kwenye kaburi. Wangefika maji mafupi, samaki wangeanza kuhema, Shangazi angechanganyikiwa, na pale pale pembeni kuna mwanaume mpole mwenye barafu, tayari kuwachukua kwa bei ya huruma.

Mapafu akarudi kwenye boti, akaigeuza pua kuelekea kilindini. Kizimba cha kwanza kilikuwa kimeshafika katikati ya safari, kikaanza kugeuka nyuma yake polepole, kizito kama ng'ombe asiyetaka kuvuka. Shangazi akafunga kitambaa chake upya. Akasema Mungu ni mkubwa, akasema pia kwamba kama kuna mtu atamkumbusha manukato siku yoyote mpaka anaingia kaburini, atamzamisha bila mtungi. Sikio akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu asubuhi.

Akakaa kwenye kompyuta, akarudisha neno la siri. Sasa hodi peke yake haitoshi, kila chura atamuuliza mwenzake, na betri zikikatika zikatike, Mapafu ana masikio mawili. Akajinyoosha kitini kama mtu aliyemaliza kufua.

Kisha akamgeuza yule chura wa uongo amwangalie vizuri. Alikuwa na mkanda wa kijani shingoni. Vyura wa sasa hawana mkanda. Huyu alikuwa wa lile kundi la kwanza kabisa, waliotolewa mwaka jana kwa sababu walikuwa wanavuja, wakawekwa wapya wenye namba zile zile na sauti zile zile. Wale wa kwanza Shangazi alisema ameshawatupa. Sikio akaeleza hivyo, kwamba bila shaka Mnunuzi alimwokota jalalani, akapata fundi wa kumziba matundu.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza swali moja, kwa sauti ndogo ambayo si yake.

"Wale wa kwanza, wanalijua hilo neno la siri?"

Sikio akasema ndiyo, wanalijua, wote ukoo mmoja, neno halijabadilishwa tangu mwanzo, na kulibadilisha ni lazima kila chura atolewe majini. Lakini isimpe shida, huyu mmoja ameshatolewa.

Shangazi akatafuta pa kukaa. Palikuwa na ndoo imegeuzwa, akaikalia.

"Sikuwatupa," akasema. "Aliniomba kitu cha kazi yangu, akiweke nyumbani kwake anikumbuke. Nikaona ni jambo zuri, mtu kutaka kukumbuka."

Sikio akapiga magoti mbele yake. Akamwambia si neno, mtu yeyote angetoa. Chura mmoja tu, naye ndiye huyu, yamekwisha.

"Sikumpa mmoja, mwanangu. Nilimpa sanduku zima."

Sikio akageuka kutazama skrini.

Vyura wote walikuwa wanaongea. Wa kilindini wanasema njooni, hewa ipo. Wa maji mafupi wanasema msije, imekwisha. Wote wametaja neno la siri, wote wamekubaliwa. Ni yupi kati yao alitegwa na Mapafu, na ni yupi alitegwa na mtu wa Mnunuzi? Kuwapima kwa kuitika nako hakusaidii tena. Wa mbali akichelewa, huenda ni yeye, huenda ni pacha wake aliyetegwa pembeni yake kule kule. Wa karibu akiwahi, ni haki yake kuwahi.

Na huko nje kizimba cha kwanza kiko katikati ya maji, hakina nanga, wavu wake umeanza kujikunja, samaki wanabanana upande mmoja. Hakiwezi kukaa pale. Lazima kiende, na njia ni mbili.

Mapafu akapunguza mashine.

"Mama," akaita kutoka kwenye boti. "Tunavuta kwenda wapi?"

Shangazi akamtazama Sikio.

Sikio alikuwa ameshavaa hedifoni. Akasogeza kipaza, akamwita namba mbili, mara moja tu, kwa utaratibu.

Wakaitika wawili. Kwenye skrini, mmoja akasema hewa ipo. Mwingine akasema imekwisha.